Kabla hamjampigia shangazi

Mfuko tuliokabidhiwa wodini ulikuwa na kikoi, tasbihi, miwani yenye mguu uliofungwa kwa uzi, chupa ya maji iliyobaki robo, na kandambili moja. Ya kushoto. Ya kulia hatukuiona mpaka leo. Katika mambo yote ya usiku ule aliofariki Baba, hilo ndilo linalonijia nikiwa nachagua mchele au nimekaa tu barazani: Baba aliingia hospitali na kandambili mbili miguuni, ikarudi moja, na katika watu kumi na wanne tuliojazana kwenye korido hakuna aliyeuliza.

Nami nilikuwa mmoja wa hao. Tena mimi ni muuguzi. Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 26 kazini, mingi nimeimalizia wodi ya wanaume katika hospitali nyingine ya hapohapo Dar es Salaam, na kama kulikuwa na mtu aliyejua cha kuuliza, ndiye mimi. Nilisimama nimeegemea ukuta, nimejitanda khanga, nalia kama wenzangu.

Sasa nimestaafu, nakaa Muheza na kuku wangu na michungwa mitano. Mimi nimestaafu, simu haijastaafu. Akifia mtu hospitalini, wanaonifahamu hunitafuta hata kabla ya kumtafuta imamu. Wiki mbili zilizopita alinipigia binti niliyemwona akikua mtaani kwetu, mama yake kafariki usiku wodini.

"Mama, tunafanyaje?"

Nikamuuliza ameshampigia nani.

"Wote, mama. Kina shangazi wameshapanda gari Korogwe."

"Na daktari umeongea naye?"

Kimya.

Nilimweleza kwenye simu nikiwa nimeshika kikombe cha chai kilichopoa. Nimeona bora niandike, ili wa kesho nimtumie tu.

Ngoja nianzie upande wa ndani wa pazia, maana ndugu huwa hamuuoni. Mgonjwa akikata roho, daktari wa zamu anaitwa. Anasikiliza moyo, anatazama kifua, anamulika macho kwa tochi, kisha anaandika saa. Saa hiyo ndiyo itakayokaa kwenye karatasi zote, hata kama roho ilitoka dakika kumi nyuma daktari akiwa njiani. Halafu ni kazi yetu. Tunafumba macho, tunafunga taya kwa bandeji isije ikaachama, tunatoa kanyula ya mshipani na katheta ya mkojo, tunaufuta mwili kwa kitambaa na maji, tunanyoosha mikono, tunafunga vidole gumba vya miguu pamoja, tunabandika lebo yenye jina, umri, wodi, tarehe na saa. Mimi nilikuwa naongea nao. "Mzee, nakuinua mkono. Mzee, maji haya baridi kidogo, nisamehe." Wenzangu walinicheka mwanzoni. Baadaye niliwasikia nao wakifanya hivyohivyo.

Kisha shuka, na mwili unangoja. Katika wodi zote nilizofanya kazi, ulikaa saa moja, pengine mbili, kabla wahudumu wa mochwari hawajaja na machela yao. Saa hiyo ni ya familia. Mgonjwa wenu bado yuko kitandani pake, ana joto. Muuguzi aliyekuwa naye bado yuko zamu. Daktari aliyetamka kifo bado kalamu iko mfukoni. Asubuhi zamu inabadilishana, yule muuguzi wa usiku anakwenda kulala, na baada ya hapo ana mapumziko yake. Akirudi siku ya tatu ameshawekewa wagonjwa wengine thelathini. Hajamsahau mzee wenu, lakini yale madogomadogo yameshamtoka.

Na saa hiyo hiyo sisi tunaitumia kupiga simu. Mnajua inavyokuwa. Unampigia kaka, kaka anampigia shangazi Mombasa, shangazi anampigia binamu Maskati, binamu anaweka kwenye kundi la ukoo, na kabla hujakaa chini simu zinaanza kurudi kwako: anazikwa saa ngapi? Anazikwa wapi? Tumeambiwa ni Adhuhuri, ni kweli? Wewe hata karatasi moja huna mkononi.

Kwetu ilikuwa hivyo, na zaidi. Tulipigiwa saa kumi na dakika kumi alfajiri. Kufika, Baba mdogo ndiye aliyetangulia kuishika karatasi, maana ndiye mkubwa aliyebaki. Imeandikwa 03:40. Baba mdogo saa yake ni ya Kiswahili tangu kuzaliwa kwake, akasoma saa tatu na dakika arobaini.

"Kafa saa tatu za usiku, sisi tunapigiwa saa kumi! Saa sita nzima mmekaa na maiti ya kaka yangu mnafanya nini?"

Ukoo wote ukaipokea. Kafichwa. Kaachwa. Kuna kitu. Muuguzi wa zamu alikuwa binti mdogo, sidhani kama alikuwa amefika miaka 25, na badala ya kueleza alianza kutetemeka midomo. Hospitali huandika saa za kizungu, na 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Nimeiandika saa ya namna hiyo kwenye mafaili mara zisizo na idadi. Nilipopata sauti ya kumwambia Baba mdogo, mlinzi alikuwa ameshaitwa, na yule binti alikuwa ameshaingia chumba cha wauguzi na kujifungia. Hakutoka tena mpaka tunaondoka. Sikumlaumu. Ila ndiye aliyekuwa na Baba usiku ule, na tulikuwa tumemfukuza kwa kelele zetu wenyewe.

Usiku wa tatu wa matanga Mama, yuko edani chumbani kwake, aliniita nikae karibu. Nilidhani anataka dawa ya presha.

"Alikunywa maji?"

"Nani?"

"Baba yako. Asije akawa kafa na kiu."

Kwetu mtu akiwa katika sakarati, yaani anakata roho, hulowanishwa midomo, na husomewa shahada polepole sikioni, asiondoke peke yake. Miaka 41 walikaa pamoja, na katika maswali yote ya dunia Mama alikuwa na hilo moja. Nilimwambia alikunywa. Sikuwa najua. Nilimdanganya mama yangu akiwa na nguo za eda.

Basi ninachowaambia watu ni kwamba simu zingoje. Nusu saa. Shangazi hapotei, na akikasirika kwamba hakuwa wa kwanza kuambiwa, atakasirika akiwa hai na mtayamaliza. Chagueni wawili, mmoja wa kuzungumza na mmoja wa kuandika. Si lazima awe mtoto wa kwanza wa kiume. Tunampeleka mkubwa kwa heshima hata kama presha imempanda na hasikii anachoambiwa. Mpelekeni anayeweza kusikiliza, hata kama ni kitinda mimba na ni msichana. Wengine wakae kwenye benchi na mama.

Muombeni muuguzi awafungulie pazia. Kaeni naye. Wengi wanaogopa, wanasema tutamwona wakati wa kumwosha. Lakini kitandani pake ndipo mnapomwona alivyoondoka, na ni hapo muuguzi husimama kando yenu bila haraka. Kisha ulizeni kama mtu anayetaka kujua. Nani alikuwa naye. Alianza kubadilika saa ngapi, daktari akaitwa saa ngapi, akafika saa ngapi. Alisema nini mwishoni. Kama alikuwa na maumivu. Vitu vyake viko wapi. Kuna daftari la mali za wagonjwa, pete na simu na fedha huandikwa humo, na mnaotia sahihi muangalie mnachotilia sahihi. (Meno ya bandia! Hayo hupotea kuliko dhahabu.) Muuguzi aliyeulizwa vizuri atawaambia yasiyo kwenye faili. Aliyefokewa atawaambia yaliyo kwenye faili tu, tena kwa ufupi.

Na muulizeni daktari ameandika sababu gani ya kifo. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hata watu waliosoma hupita hapa bila kuona. Mara nyingi utasikia "moyo ulisimama" au "alishindwa kupumua". Wanangu, kila anayekufa moyo husimama. Hiyo ni namna ya kufa, si sababu. Fomu ya kitabibu inayofuata mfumo wa Shirika la Afya Duniani humtaka daktari ashuke ngazi: kilichomuua saa ile ni nini, hicho kimeletwa na nini, na hicho nacho kimeletwa na nini, mpaka afike kwenye mzizi. Baba yangu ngazi ya juu ilikuwa moyo, ya kati figo, ya chini sukari aliyoishi nayo miaka bila kutuambia. Ile ya chini ndiyo inayowahusu watoto. Kaka yangu alikwenda kupima baada ya hapo, akakutwa nayo. Kama karatasi ingebaki na "moyo kusimama", angengoja mguu ufe ganzi kwanza.

Jina sasa. Hili limetugharimu kuliko sanda na jeneza na chakula cha matanga, vyote kwa pamoja.

Mgonjwa akifikishwa mapokezi, jina lake hutajwa na yeyote aliyemleta. Aweza kuwa dereva wa bajaji. Sisi alikuwa mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, akasema "Othumani", na karani akaandika alivyosikia. Barua ya toleo ya kiwanja cha Baba huko Mbagala imeandikwa Athumani. Benki walimwandika Othman. Kwa mdomo ni mtu mmoja, hakuna Mswahili atakayebabaika. Kwa karatasi ni watu watatu, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekufa. Viapo mahakamani, barua za mwenyekiti wa mtaa, barua za mtendaji, kurudi hospitali kuomba wathibitishe, kurudi kwa msajili, foleni, njoo Jumatano, aliyeshika faili yuko likizo. Miaka miwili na miezi saba. Baba mdogo alifariki katikati yake, na yeye alikuwa shahidi wetu, ikabidi tuanze kutafuta mwingine.

Kabla hamjatoka hospitali, kwa hiyo, shikeni karatasi, isomeni jina herufi kwa herufi mkilinganisha na kitambulisho cha taifa au kadi ya kura, someni umri, someni saa. Ikiwa na kosa, irekebishwe palepale kalamu ikiwa mezani. Ni kazi ya dakika tano. Karani atanuna, mwacheni anune.

Mtapewa vitu viwili msivichanganye. Kibali cha mazishi ni cha kuzikia. Tangazo la kifo ni la kupelekea kwa msajili ili mpate cheti cha kifo. Familia nyingi humaliza kuzika, kibali kinabaki kwenye droo na picha za harusi, wanadhani ndiyo cheti. Tanzania Bara kazi hii iko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, na kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Zanzibar wana wakala wao. Zikipita siku hizo bado utasajili, ila utaeleza kwa nini umechelewa na utaongezewa vielelezo. Bila cheti huendi Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, mfuko wa pensheni hawakusikilizi, benki hawakufungulii. Mkiwa bado mko pamoja kwenye matanga, na wajomba wapo, kaeni kikao cha ukoo, mumteue msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe na watu watie sahihi. Mkiachana, kuwakusanya tena ni mpaka msiba mwingine.

Fedha. Deni la hospitali lipo, na halizikwi na marehemu. Lakini serikali imeshaagiza, zaidi ya mara moja, kwamba maiti isizuiliwe kwa ajili ya deni. Mkiambiwa mwili hautoki mpaka mlipe, msianze kukopa kwa riba usiku huo wala kupitisha bakuli mkilia. Ulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali yuko wapi. Yeye ndiye anayeshughulika na wasio na uwezo, na mkikubaliana mtaandikishana namna ya kulipa. Ombeni mchanganuo wa bili pia. Mimi nimewahi kuona dawa iliyoandikiwa siku ya Alhamisi kwa mgonjwa aliyefariki Jumatano.

Mochwari sitakaa sana, ila moja tu: fungueni uso. Mwili ukitolewa kwenye jokofu, soma lebo, kisha funua shuka utazame. Najua inauma. Nimeshuhudia familia iliyosaini bila kutazama, ikafika nyumbani, na waosha maiti ndio waliogundua kuwa mzee aliyeko juu ya kitanda cha kuoshea ana kovu ambalo mzee wao hakuwa nalo. Kule kwingine watu wengine walikuwa wameshachimba kaburi. Na mkiambiwa mwili hauguswi kwa sababu ya maradhi ya kuambukiza, kama ilivyokuwa Kagera wakati wa Marburg mwaka 2023, msipigane. Ulizeni ni nani atakayeuzika, na kama mtaruhusiwa kusimama kwa mbali mkasali.

Sasa pale mnapohisi kwamba kuna jambo halikwenda sawa. Nitasema wazi, nimevaa gauni jeupe miaka yote ile, na makosa yapo. Dripu iliyosahauliwa, dawa iliyochelewa, mgonjwa aliyeita wee mpaka akachoka. Wapo pia wagonjwa waliofanyiwa kila kitu wakafa, na ndugu wakaondoka wanaamini wameuawa kwa sababu hakuna aliyekaa nao dakika kumi akawaeleza. Kutoka nje ya pazia, hayo mawili yanafanana kabisa. Ndiyo maana lazima muulize.

Kama kifo ni cha ajali, kuanguka, sumu, kipigo, au mtu kafikishwa akiwa ameshafariki, polisi wataingia, na uchunguzi wa mwili hautegemei ridhaa yenu. Kama ni kifo cha maradhi na nyinyi ndio mnaotaka kujua, mnaweza kuomba uchunguzi, na uamuzi huo ufanyike kabla ya kuzika, si baada ya arobaini. Waislamu wenzangu hapa hukwama. Tunataka kuzika kabla jua halijazama, na tunachukia mwili ukatwe. Nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu, akaniambia penye haki ya kutafutwa mlango upo. Wengine watapata jibu lingine kwa masheikh wao. Waulizeni mapema, siyo jeneza likiwa begani.

Malalamiko yaandikwe. Barua kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, iwe na tarehe, wodi, majina ya mliozungumza nao, saa walizowatajia. Hapo ndipo yule mwandishi wenu wa usiku anapolipwa. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ombeni kukutanishwa na walioshika zamu, na muhtasari wa matibabu. Mkiona mnazungushwa, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika juu yake, na muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Yanapokea malalamiko ya wananchi na yana uwezo wa kumsimamisha mtu au kumfuta. Kumzaba kibao binti wa zamu hakutoi jibu lolote, na mara nyingi aliyekosea hakuwa yeye.

Mimi nilingoja miezi mitatu. Nilichukua siku ya ruhusa kazini nikaenda ile hospitali, na barua yangu ndani ya bahasha, sijavaa sare. Muuguzi mfawidhi wa wodi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Alisoma barua, akanitazama, akasema, "Wewe ni wa kwetu." Nikakubali. Akalifuata faili mwenyewe.

Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, kwa ule mwandiko wa usiku ninaoujua. Saa nane kasoro dakika kumi, mgonjwa hatulii. Saa nane na dakika ishirini, ameomba kuinuliwa, ameinuliwa. Saa tisa na dakika tano, upumuaji umebadilika, oksijeni imeongezwa, daktari ameitwa. Saa tisa na nusu, daktari amefika. Dakika 25. Niliweka kidole pale, na yule mama akakiona kidole. Daktari mmoja, wodi tatu, akasema, na upande wa wanawake kulikuwa na mwingine anayekata roho. Sikuridhika. Niliandika barua ya pili juu ya hizo dakika 25, nikajibiwa baada ya wiki sita, aya mbili, ya pili ikiwa ya kunishukuru kwa ushirikiano.

Lakini siku ile, kabla sijainuka, aliuliza kama ningependa kumwona aliyekuwa zamu. Alikuwepo, zamu ya mchana. Akaja yule binti. Alinitambua kabla sijamtambua, akarudi nyuma hatua moja, na mimi nikasimama nikamwomba radhi kwa niaba ya Baba mdogo, ambaye mwenyewe asingeomba kamwe. Tukakaa kwenye benchi la nje karibu na bomba la kunawia.

Aliniambia Baba alikuwa msumbufu kidogo usiku ule, na aliposema hivyo nilicheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Aliuliza mara tatu kama Alfajiri imeingia. Aliambiwa bado. Aliomba maji. Kikombe kilimpalia, basi akatafuta kijiko cha mgonjwa wa pembeni, akamimina kutoka kwenye chupa iliyokuwa juu ya kabati, akampa kijiko kimoja, akampa cha pili. Cha tatu Baba alifumba meno. "Halafu nikaona anakwenda," akasema. "Mimi ni Mkristo, mama, yale maneno yenu siyajui. Nikamwamsha mzee wa kitanda cha jirani, nikamwambia baba, msomee mwenzako. Akakaa kitandani kwake akamsomea mpaka daktari alipofika."

Nilisahau kumuuliza kandambili.

Mama alikuwa bado na wiki kadhaa kumaliza eda. Nilifika baada ya Isha, nikamwambia kwanza kwamba ule usiku wa tatu nilimdanganya. Akasema alijua. Kisha nikamweleza yote, Alfajiri, kijiko, mzee wa kitanda cha jirani. Alisikiliza ametazama chini.

"Vijiko viwili."

"Viwili, mama. Cha tatu alikataa."

Akainuka, akafungua kabati, akasogeza kikoi na miwani, akatoa ile chupa. Robo ya maji ilikuwa bado ndani. Akaikinga kwenye taa, akaitazama muda mrefu, kama mtu anayepima dawa.